Nguvu, Kimo na Mtiririko: Uteuzi wa Pampu ya Maji ya Akiba katika Mukuru kwa Reuben

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Katika Mukuru kwa Reuben, mtaa ulioko kusini-mashariki mwa jiji la Nairobi, kati ya Eneo la Viwanda na Embakasi, maji hayaachiwi uhuru huo. Hufika kwa zamu, yakiwa na shinikizo dogo. Hupokewa katika tangi lililowekwa chini au kufukiwa ardhini. Kisha hutakiwa kupanda mita kadhaa hadi kwenye tangi jingine lililosimama juu ya jukwaa, ndipo yateremke kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye mifereji ya wapangaji. Safari hiyo fupi ya kupanda ndiyo inayohitaji pampu, na uteuzi wa pampu hiyo ndio mada ya makala haya.

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza pampu inamhusu nini, ilhali wapo mafundi na wahandisi wa kuishughulikia. Inamhusu kwa sababu kosa kubwa linalotendeka pampu inaponunuliwa si kosa la bisibisi wala la waya. Ni kosa la neno. Mnunuzi huingia dukani akiwa na neno moja tu, nalo ni nguvu, na neno hilo humfanya anunue kitu asichokihitaji.

Maji yafikavyo mtaani

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mbali kaskazini mwa jiji, katika bwawa la Ndakaini la mto Thika, lililokamilika mwaka wa 1994, pamoja na mabwawa ya Sasumua na Ruiru. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi, iliyoundwa mwaka wa 2003 kufuatia Sheria ya Maji ya 2002, huyasambaza kwa mgao kwa kuwa mahitaji ya jiji yameyazidi maji yenyewe. Mukuru, yaani mkusanyiko wa mitaa ya kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, ulikua juu ya ardhi ambayo haikuwa imeandaliwa mitaro wala mabomba ya umma. Kwa miaka mingi maji yaliingia humo kwa mipira na mabomba membamba ya plastiki yaliyotandazwa na watu binafsi, mengi yakipita ndani ya mitaro ileile inayobeba uchafu. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Baadaye idara ya NMS, iliyoundwa mwezi wa Machi 2020 na ambayo muda wake ulikwisha mwaka wa 2022, ilichimba visima virefu katika mitaa ya mabanda ya jiji, Mukuru ikiwemo. Hivyo maji ya akiba katika ploti moja yanaweza kuwa ya mtoni yaliyosafishwa, ya kisima, au mchanganyiko wa yote mawili, na jambo hilo lina uzito wake katika uteuzi wa pampu, kama itakavyoelezwa.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Katiba haikusema ni nani atakayeyapandisha.

Kwa mpangaji, hesabu ni rahisi. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo, ambayo ni mitungi 50, humgharimu shilingi 250. Mwenye ploti anapoweka tangi na pampu humpunguzia mpangaji foleni na, ukweli usemwe, hujipatia sababu ya kupandisha kodi. Pampu ikiungua, watu hurudi kwenye foleni jioni hiyohiyo, na wanaobeba mitungi aghalabu ni wanawake na watoto. Pampu iliyoteuliwa vibaya haimwadhibu aliyeiteua.

Neno nguvu na udanganyifu wake

Mazungumzo ya dukani hayatofautiani sana kutoka barabara moja hadi nyingine.

"Bosi, nataka pampu ya maji, yenye nguvu."

"Ya nusu ama ya moja, mzee?"

"Nipe ya moja. Hiyo ya nusu itanisumbua."

Nusu na moja zinazotajwa hapo ni hosipawa, yaani nguvu za farasi, kipimo kilichoenezwa na James Watt katika karne ya 18 alipotaka wateja wake waelewe injini ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Hosipawa moja ni sawa na wati 746 hivi. Kipimo hicho hueleza kazi ambayo mota inaweza kuifanya kwa muda fulani. Hakielezi maji yatapanda hadi wapi, wala lita ngapi zitafika huko.

Msukuma mkokoteni anaweza kutumika kama mfano. Akibeba mitungi 5 katika barabara tambarare huenda mbio; akibeba mitungi 20 hujikokota; akifika penye mwinuko hulazimika kupunguza mzigo au kusimama. Nguvu za mtu huyo hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mzigo na mwinuko. Anayetaka kujua kama maji yatafika mlangoni kabla ya magharibi hapaswi kuuliza kama msukuma mkokoteni ana nguvu. Anapaswa kuuliza mitungi mingapi, na mlima upi.

Pampu nayo ina maswali hayohayo mawili. La kwanza ni kimo: maji yatainuliwa mita ngapi? La pili ni mtiririko: zinatakiwa lita ngapi kwa kila dakika? Pampu ikiwa imeteuliwa kwa maswali hayo, hosipawa hujileta yenyewe.

Na hapo ndipo kibao kilichobandikwa kwenye mota kinapowatega hata wasomi. Pampu ndogo za nusu hosipawa zinazouzwa sana Nairobi aghalabu huandikwa kwamba kimo chake cha juu kabisa ni mita 35 au 40, na mtiririko wake wa juu kabisa ni lita 35 au 40 kwa dakika. Msomaji wa haraka huelewa kwamba pampu itapeleka lita 40 kila dakika hadi kwenye kimo cha mita 40. Haitafanya hivyo hata siku moja. Lita 40 hupatikana pale tu maji yanapotoka bila kupanda popote, na mita 40 ni kimo ambacho maji yakikifikia husimama tuli, bila hata tone kutoka. Nambari hizo mbili ni ncha mbili za mchoro mmoja. Kazi yote ya kweli hufanyika katikati yake, mahali ambapo kibao hakisemi kitu.

Kukokotoa kimo

Na uchukuliwe mfano wa ploti yenye vyumba 20, kila chumba kikiwa na watu watatu. Watu hao 60, wakipata lita 20 kila mmoja kwa siku, kiasi ambacho ni kidogo kabisa cha kupikia, kunywa na kunawa, huhitaji lita 1,200. Tangi la chini limefukiwa nusu, na maji yanapopungua uso wake huwa mita 1.5 chini ya ardhi. Tangi la juu la lita 1,000 limesimama kwenye jukwaa la mita 6, na mdomo wa kuingizia maji uko mita 1.5 juu ya jukwaa hilo. Kutoka uso wa maji hadi mdomo wa tangi ni 1.5 kujumlisha 6 kujumlisha 1.5, yaani mita 9.

Yafaa kusimama kidogo kwenye jukwaa hilo. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Jukwaa refu huleta maji yenye kasi nzuri mferejini, lakini kila mita inayoongezwa huongeza kazi ya pampu na hatari kwa watoto wanaocheza chini yake. Wapo wanaonunua pampu kubwa, kisha, kwa kuwa wanayo, wakainua jukwaa. Utaratibu ufaao ni kinyume chake: jukwaa litangulie, pampu ifuate.

Mita 9 hizo si kimo chote. Maji yapitapo bombani husuguana na kuta zake, na msuguano huo hulipwa na pampu kana kwamba ni mita za ziada za kupanda. Kwa mtiririko wa lita 28 kwa dakika katika bomba la plastiki lenye uwazi wa milimita 20, yaani robo tatu ya inchi kwa lugha ya mafundi, na urefu wa mita 20, msuguano huchukua takribani mita 2.5. Kona na vali zikihesabiwa, hukaribia mita 3. Kimo kamili basi ni mita 12.

Fundi akitumia bomba la nusu inchi ili kupunguza gharama, msuguano wa mita 20 zilezile, kwa mtiririko uleule, hupanda hadi mita 10 hivi. Kimo kimeruka kutoka mita 12 hadi karibu mita 20, wala jukwaa halikusogea. Uwazi wa bomba ukipunguzwa kwa nusu, msuguano huongezeka zaidi ya mara 25. Mwenye ploti aliyelalamika kwamba pampu ya nusu haina nguvu, akanunua ya moja, mara nyingi angetibu ugonjwa wake kwa kubadilisha bomba tu. Pampu kubwa katika bomba jembamba ni sawa na umati kwenye mlango mmoja: kusukumana huzidi, wanaopita hawaongezeki sana.

Sasa turudishwe kwenye pampu ya nusu hosipawa yenye ncha za mita 40 na lita 40. Kwa pampu za aina hii mchoro hukaribia mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenye kimo cha mita 12 mtu anaweza kutazamia lita 28 hivi kwa dakika. Tangi la lita 1,000 litajaa kwa takribani dakika 36. Mahitaji yote ya siku, lita 1,200, yatapanda kwa dakika 43. Iliyobaki ya saa 24 pampu italala. Pampu ya hosipawa moja ingeharakisha kwenda wapi? Maji ya akiba yana faida ambayo wanunuzi wengi huisahau: yanampa mtu muda. Kwa kuwa yamekwisha kuhifadhiwa chini, hayahitaji kukimbizwa, na hapana mpangaji anayejua kama yalipanda kwa dakika 20 au kwa dakika 40.

Umeme nao unashangaza ukihesabiwa. Kuinua lita 1,000 kwa mita 12, kwa nadharia tupu, huhitaji uniti 0.033 tu. Pampu ndogo inayotumia wati 550 kutoka kwenye waya kwa dakika 36 hula theluthi moja ya uniti. Yaani sehemu tisa kati ya kumi za umeme huishia kuwa joto na kelele. Hata hivyo theluthi moja ya uniti kwa mitungi 50 ya maji si gharama ya kumtisha mtu. Gharama ya kweli ni ya pampu inayoungua kila mwaka.

Kuvuta na kusukuma

Nairobi watu husema pampu "inavuta" maji. Kitenzi hicho nacho kina mtego wake. Maji hayana mkono wa kushikwa yakavutwa. Pampu inachofanya ni kupunguza hewa katika bomba la kuingizia, na shinikizo la hewa ya nje, likiukandamiza uso wa maji tangini, ndilo linaloyasukuma yapande. Wachimba visima wa Italia waligundua mapema kwamba pampu haikubali kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi kwa njia hiyo, na katika miaka ya 1640 Evangelista Torricelli alionyesha kwamba sababu ni uzito wa hewa.

Kwenye usawa wa bahari, pale Mombasa, hewa inaweza kuinua maji hadi mita 10.3 kwa nadharia. Mukuru iko takribani mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na kikomo hicho hushuka hadi mita 8.5 hivi. Pampu ambayo kijitabu chake kinaahidi kuvuta kutoka kina cha mita 8 hupoteza karibu mita 2 za ahadi hiyo kwa kupandishwa gari moshi hadi Nairobi. Kwa upande wa kusukuma hapana kikomo cha namna hiyo. Ni suala la uimara wa pampu tu.

Ndiyo maana pampu huwekwa karibu kabisa na tangi la chini, na ikiwezekana chini ya uso wa maji, ili maji yaingie yenyewe. Pampu iliyokaa juu ya uso wa maji lazima ijazwe maji kabla ya kuwashwa, na iwe na vali ya kuyazuia yasirudi mwishoni mwa bomba la kuingizia. Vali hiyo ikivuja, asubuhi pampu huzunguka ikiwa kavu, ikinguruma kwa bidii, na mpira wake wa kuzuia mvujo huungua kwa dakika chache. Bomba la kuingizia pia lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Akiba ya senti ikitafutwa, isitafutwe upande huo.

Kisa cha pampu iliyofungwa kwenye bomba la umma

Yote yaliyosemwa yamechukulia kwamba pampu inateka maji yaliyokwisha kuhifadhiwa. Wapo wanaoiruka hatua hiyo, wakaifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani, ili siku ya mgao wapate maji kabla ya wengine. Ni hapa ambapo uteuzi wa pampu hukoma kuwa jambo la mtu na ploti yake.

Bomba la umma lililojaa maji huwa na shinikizo linalosukuma kutoka ndani kwenda nje. Likiwa na ufa, maji huvuja. Pampu ikinyonya kwa nguvu kuliko maji yanavyoletwa, shinikizo hugeuka, na ufa uleule huanza kuingiza kilicho nje. Kwa bomba la plastiki linalopita ndani ya mtaro wa majitaka, kilicho nje kinajulikana. Nairobi imepata milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, ikiwemo ya 2015 na 2017, na bomba linalonyonya mtaro ni mojawapo ya njia ambazo ugonjwa wa aina hiyo hupata kuingia katika mtungi. Pampu "yenye nguvu" katika mahali hapo ni hatari kuliko iliyo dhaifu. Zaidi ya hayo, jirani aliye mwisho wa bomba hubaki na mfereji unaotoa hewa.

Maji yapokelewe kwanza kwenye tangi, kwa shinikizo lake yenyewe hata kama ni dogo, na pampu iteke kutoka humo. Tangi la chini, ambalo wengi hulihesabu kuwa gharama ya bure, ndilo ukuta kati ya pampu ya mtu mmoja na maji ya mtaa mzima.

Maji ya chumvi

Wakazi wa Nairobi huyaita maji ya visima virefu maji ya chumvi, wakiyatofautisha na yale ya kampuni. Chumvi yake si ya bahari, lakini madini yaliyomo huonekana sufuriani na kwenye sabuni isiyotoa povu. Mengi ya visima vya jiji pia yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Hakuna pampu inayopunguza floridi, na muuzaji anayedai hivyo ana lake jambo. Lakini madini hayo, pamoja na mchanga wa kisima, huamua pampu itadumu kwa muda gani.

Pampu ndogo iliyotajwa katika mfano ina gurudumu la shaba ya manjano lenye mapezi mafupi mengi ukingoni, linalozunguka ndani ya nyumba ya chuma cha kusubu. Nafasi kati ya gurudumu na nyumba yake ni finyu mno. Ndiyo siri ya kimo chake kikubwa. Kwa maji safi ya kampuni haina tatizo. Kwa maji yenye mchanga, nafasi hiyo hulika, na pampu iliyokuwa ikifika mita 40 huanza kushindwa na mita 12. Kwa maji ya chumvi yanayolala ndani yake wakati wa mgao, chuma hushika kutu na gurudumu hugandamana na nyumba yake. Mota ikiwashwa huvuma tu bila kuzunguka. Fundi anayejua kazi huzima umeme, akafungua kifuniko cha nyuma, akazungusha feni kwa bisibisi hadi kutu iachie. Asiyejua huendelea kuwasha hadi harufu ya waya uliowiva isikike hadi ploti ya pili.

Kwa maji ya kisima, pampu ya aina nyingine inafaa zaidi: ile ambayo maji huingia katikati ya gurudumu pana na kutupwa pembeni. Kimo chake cha juu ni kidogo, pengine mita 25 au 30, na kwa sababu hiyo mnunuzi anayetafuta nambari kubwa huipita. Lakini mita 12 haziisumbui, hupoteza umeme kidogo zaidi, na huvumilia mchanga kiasi. Gurudumu lake likiwa la plastiki ngumu au la chuma kisichoshika kutu, chumvi haina pa kushika. Wanaofuga samaki wa bahari katika matangi ya vioo, ambao nao huweka akiba ya maji ya chumvi kando na kuyahamisha kwa pampu, ni wakali zaidi katika suala hili. Hawakubali shaba kugusa maji yao hata kidogo, kwani shaba inayoyeyuka humo huua uduvi na matumbawe. Kwao pampu huteuliwa kwanza kwa kile ilichotengenezwa nacho, ndipo kwa kimo. Mwenye ploti anayetumia maji ya kisima angefanya vyema kuwaiga.

Stima

Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na pampu hutengenezwa zikitarajia kiasi hicho au kilicho karibu nacho. Katika vichochoro ambako waya mmoja mwembamba umegawanywa kwa nyumba nyingi, jioni taa hufifia, na volti zinazofika kwenye mota huwa pungufu. Kinyume na wanavyodhani wengi, stima hafifu haiipumzishi mota. Huifanya ing'ang'ane, ichukue mkondo mkubwa zaidi, ipate joto na hatimaye iungue. Mota ya hosipawa moja huanza kuzunguka kwa mshtuko mkubwa kuliko ya nusu, na mara nyingi ndiyo inayozima taa za ploti nzima. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea ndogo, na ya kupandisha maji alfajiri au mchana, wakati pasi na majiko ya umeme ya majirani yamelala.

Waya wa ardhini usikosekane. Pampu hukaa mahali palipolowa, na wanaokanyaga hapo hawana viatu. Swichi ya boya pia ni ya lazima kuliko hosipawa ya ziada: boya likielea, pampu hufanya kazi, maji ya chini yakiisha, boya hushuka na kuizima kabla haijazunguka kavu.

Bomba, pampu na kimo

Katika Kireno, bomba ni chombo cha kusukumia maji. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa maana hiyo, kisha likaenea hadi kwenye mrija unaopitisha maji, na hatimaye mrija ukalimiliki. Chombo chenyewe kikabaki bila jina, Kiswahili kikaenda kukopa tena, mara hii kwa Waingereza, pampu. Nchini Tanzania bomba ni hata kile kinachofunguliwa maji yakatoka; nchini Kenya hicho ni mfereji, neno ambalo kwingineko ni mtaro wa kupitishia maji. Mpangaji kutoka Tanga anayemwambia fundi wa Mukuru kwamba bomba limeharibika anaweza kuletewa futi 10 za plastiki, ilhali alitaka kubadilishiwa koki.

Dhana ya kimo nayo haijapata makao imara katika lugha ya dukani. Kiingereza hutumia kwa dhana hiyo neno lilelile la kiungo cha mwili, na mtafsiri anayefuata neno kwa neno angeandika kichwa cha maji, akamwacha mwenye ploti akitafuta mwili wake. Kiswahili kina jozi iliyo bora kuliko hiyo: kina hupimwa kwenda chini, kimo hupimwa kwenda juu, na kazi ya pampu ni kina na kimo vikijumlishwa. Mtu yeyote aliyewahi kuteka maji kisimani na kujitwisha anaijua hesabu hiyo mwilini mwake. Neno hilo lingetumika dukani, mnunuzi angeingia akisema kimo chake ni mita 12 na mtiririko anaoutaka ni lita 25, na muuzaji asingekuwa na nafasi ya kumwuliza nusu ama moja.

Kwa sasa, ndani ya boksi la pampu aghalabu huwamo kijitabu cha Kiingereza ambacho hutupwa pamoja na boksi. Katika kurasa zake huwapo mchoro wa mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, mita zikiwa zimepangwa wimawima na lita zikiwa chini. Kidole kiwekwe kwenye mita 12, kisogezwe hadi kikutane na mstari, kisha kishuke hadi kwenye lita. Kikiangukia sehemu ya katikati, pampu hiyo inafaa kwa kazi hiyo. Kikiangukia kwenye mkia wowote wa mstari, irudishwe kwenye rafu, hata kama muuzaji ameanza kuandika risiti.